Gwaride la Mdachi: Kutoka Pangani Hadi Kibingo

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), na aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila taifa duniani lina namna yake ya kujionyesha. Wako wanaojionyesha kwa majumba, wako wanaojionyesha kwa mavazi, na wako wanaojionyesha kwa majeshi. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia nchi zetu zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, walijionyesha kwa gwaride: ngoma na tarumbeta, bendera juu ya mlingoti, askari waliopangwa sawasawa kama meno ya kitana, na miguu mia kukanyaga chini kwa kishindo kimoja. Walidhani kuwa kila atakayeliona jambo hilo ataona wanayoyaona wao, yaani utaratibu, utiifu na enzi. Lakini haikuwa hivyo. Mtu wa Pangani aliona lake, mtu wa Karagwe aliona lake, askari aliyekuwa ndani ya gwaride aliona lake, na vijana wa Mombasa na Tanga waliona lao. Na leo hata Wajerumani wenyewe hawaafikiani juu ya maana yake.

Katika makala haya nataka tulifuate gwaride hilo kwa njia ile waliyopita wafanyabiashara wa zamani, kutoka mwambao mpaka Kibingo katika nchi ya Karagwe, kisha turudi nalo pwani. Wala si kwa ajili ya kuburudika na hadithi tu. Leo katika arusi zetu, na hata katika maulidi ya madrasa zetu, mna bendi, mna sare na mna kupiga mguu chini. Mzazi mwenye akili hana budi kujua kile kinachoingia mlangoni mwake kimetoka wapi, na kinamfundisha nini mwanawe.

ASILI YAKE

Gwaride la Kijerumani lilijengwa zaidi na Waprusia, watu wa kaskazini ya nchi hiyo, ambao wafalme wao walisifika kwa kuliweka jeshi mbele ya kila kitu. Katika sherehe zao iko moja wanayoiona kuwa kubwa kuliko zote, nayo huitwa Großer Zapfenstreich. Hufanywa usiku kwa mienge ya moto, kwa ngoma na zumari. Asili ya jina lake ni jambo la kuzingatia. Zamani, ilipofika saa ya askari kulala, mkubwa wao alikuwa akipita katika vilabu vya pombe na kugonga kizibo cha pipa kwa fimbo. Huo ulikuwa ndio mwisho wa kumimina, na kila askari alipaswa kurudi kambini. Baadaye kugonga kule kukawa mlio wa ngoma, na ngoma ikawa bendi kamili.

Mwaka 1813 mfalme wa Prusia, Friedrich Wilhelm III, aliwaona askari wa Kirusi, waliokuwa wenzi wake katika vita vya kupigana na Napoleon, wakisali jioni. Jambo hilo likamwingia moyoni, akaamuru na askari wake wasali. Kisha mwaka 1838 mkuu wa bendi aitwaye Wilhelm Wieprecht aliyakusanya yote hayo, ngoma, nyimbo na sala, akayafanya sherehe moja mjini Berlin kwa wapigaji zaidi ya elfu. Mpaka leo sherehe hiyo hufanywa kumuaga rais au mkuu wa serikali yao, na inapofika mahali pa sala, askari huamrishwa kuvua kofia zao za chuma.

Tena liko jambo jingine ambalo wengi wetu hawalijui. Bendi ya jeshi yenyewe, kwa matoazi yake na ngoma kubwa, Wazungu waliipata kwa Waturuki. Majeshi ya Masultani wa Uthmaniya yalikuwa yakienda vitani na wapigaji wao, na watu wa Ulaya walizisikia ngoma hizo katika vita virefu vya kule, mpaka kwenye kuta za mji wa Vienna mwaka 1683. Kwanza waliziogopa, kisha wakazipenda, kisha wakazichukua. Bendi za jeshi la Ujerumani mpaka leo hubeba mti mrefu wenye njuga, na juu yake mna umbo la mwezi mwandamo. Basi usishangae, ndugu yangu. Mambo ya namna hii hutembea kutoka taifa hili hadi lile, na kila anayeyapokea huyapa maana yake.

PANGANI, 1888

Tuanze safari yetu hapa kwetu mwambao. Mwezi wa Aprili mwaka 1888 Sultan wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Said, aliweka mkono kwenye mapatano ya kuipa kampuni ya Kijerumani uendeshaji wa mambo ya pwani ya Mrima. Ilipofika Agosti, wajumbe wa kampuni wakaja katika miji kupokea kazi, na sharti lao moja lilikuwa sherehe: bendera ya kampuni ipandishwe pamoja na bendera ya Sultan.

Kwa Mdachi hilo lilikuwa jambo dogo la taratibu. Kwa watu wa Pangani halikuwa dogo hata kidogo. Bendera ya Sultan ilikuwa alama ya mtawala Muislamu, na liwali wake, Abdulgawi bin Abdallah, alikataa kukubali kitu ambacho hakuamrishwa na bwana wake. Mjumbe wa kampuni, Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, akaita wanamaji kutoka manowari iitwayo Carola. Zilikuwa siku za Idi Kubwa. Wanamaji wakateremka na silaha zao, wakaingia msikitini na viatu vyao, na mbwa pamoja nao, wakimtafuta liwali. Kisha mlingoti wa bendera ya Sultan ukakatwa.

Hebu mtu atie hayo katika mizani. Labda yule Zelewski aliona kuwa amefanya kazi yake kama afisa: ameonyesha nguvu, amepandisha bendera, ameweka utaratibu. Watu wa Pangani waliona viatu na mbwa ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Wala hapana ngoma, hata ipigwe vizuri namna gani, iwezayo kufuta picha hiyo. Mwezi uliofuata pwani yote ilikuwa imewaka moto. Abushiri bin Salim akasimama Pangani, na Bwana Heri akasimama Saadani, na Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy akaviandikia utenzi vita hivyo. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Ama Zelewski, aliendelea kupanda cheo mpaka akawa kamanda wa jeshi la Wadachi katika nchi hii. Tarehe 17 Agosti 1891, miaka mitatu tangu mambo ya Pangani, aliongoza askari wake kwa mstari mrefu katika nchi ya Wahehe. Watu wa Mtwa Mkwawa wakawavamia pale Lugalo, na kwa muda mfupi sana yeye na wengi wa watu wake wakawa maiti. Mstari ulionyooka haukumfaa kitu.

ASKARI WENYEWE

Serikali ya Ujerumani ilipoona kampuni imeshindwa, ilimleta Hermann von Wissmann mwaka 1889. Huyu hakuja na jeshi la Wajerumani watupu. Alikwenda Misri akaandika Wasudani waliowahi kutumikia jeshi la huko, akachukua na wengine kutoka Msumbiji. Wasudani hao wengi wao walikuwa Waislamu, nao walikuja na majina ya vyeo vyao vya Kituruki: efendi, shaushi, ombasha. Wadachi wakayaacha majina hayo yaendelee. Ndiyo maana mpaka leo askari wetu wa Tanzania na Kenya humwita mkubwa wake "afande", na neno hilo ni lile lile efendi la Waturuki.

Kwa hiyo lililoitwa gwaride la Mdachi lilikuwa na amri za Kijerumani, vyeo vya Kituruki, na ndani yake Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa mwambao. Kila mwaka tarehe 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaisari wao Wilhelm II, jeshi hilo lilipigishwa gwaride katika maboma, na watu wa mji wakaitwa watazame. Afisa aliona anamtukuza mfalme wake. Lakini askari aliyesimama juani aliona nini? Aliona mshahara wake. Aliona sare iliyomtoa katika unyonge, na bunduki iliyomfanya aogopwe na watu waliokuwa wakimdharau jana. Wengine walipata heshima ya kweli, na wengine wakawa dhalimu kwa ndugu zao kwa sababu ya vifungo vya shaba kifuani. Nguo ile ile ya sare mmoja ilimpa adabu na mwingine ilimpa kibri.

KARAGWE NA KIBINGO

Sasa tuache bahari nyuma yetu, tupite Tabora, tupande kaskazini magharibi mpaka nchi ya milima na migomba, upande wa mto Kagera. Hii ndiyo Karagwe. Kibingo iko katika nchi hiyo ya zamani, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa. Msidhani kuwa huko ni mbali na habari zetu. Kabla Mdachi hajafika, watu wetu wa pwani na Waarabu wa Omani walikuwa na makazi yao pale Kafuro, karibu na Bweranyange alikokaa mfalme, wakinunua pembe na kuuza nguo.

Mwaka 1861 Mwingereza Speke alifika kwa mfalme Rumanyika. Ameandika kuwa mwezi ulipoandama, ngoma zaidi ya thelathini zilipangwa mstari mbele ya nyumba ya mfalme, na nyuma ya kila ngoma akasimama mpigaji wake, zikapigwa kwa pamoja. Tena alielezwa namna Rumanyika alivyopata ufalme. Baba yake alipokufa, yeye na ndugu zake waliwekewa ngoma ndogo chini, na ikasemwa kuwa mwenye haki ya kutawala ndiye atakayeweza kuinyanyua. Ndugu zake walishindwa, naye akainyanyua kwa kidole. Hizo zilikuwa imani za watu ambao nuru ya Uislamu ilikuwa haijawafikia, na sisi hatuziamini. Lakini tufahamu maana yake kwao. Katika lugha nyingi za nchi hizo za maziwa, neno "engoma" ndilo ngoma inayopigwa, na ndilo ufalme wenyewe. Anayetawazwa husemwa amekula ngoma.

Fikiri basi, msomaji wangu. Mwaka 1890 Emin Pasha, Mjerumani aliyewahi kutumikia serikali ya Misri na kuchukua jina la Kiislamu, alifika ukingoni mwa ziwa na kuanzisha kituo cha Bukoba. Akaja na bendera, na askari, na ngoma. Kwa Mdachi ngoma ya jeshi ilikuwa ni ya kuamshia watu, kuwapanga na kuwalaza. Lakini katika nchi ambayo ngoma ndiyo ufalme, mgeni akipiga ngoma yake kila kukicha huwa anasema neno moja tu: mimi ndiye mfalme hapa. Wadachi hawakuwaondoa wafalme wa nchi ya Bukoba. Waliwaacha vitini, wakatawala kupitia kwao, na waliowatii sana, kama Kahigi wa Kianja, waliongezewa nguvu. Ngoma za wafalme zikaendelea kulia, lakini kila mtu akijua kuwa iko ngoma nyingine bomani inayolia juu ya zote. Huo ndio ujumbe uliofahamika toka Bukoba mpaka milima ya Karagwe. Wala haukuwa ule wa adabu na utaratibu waliodhani Wadachi kuwa wanaufundisha.

VITA NA WALIOSAHAULIWA

Mwaka 1913 gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, aliwaandikia wakubwa wa wilaya kuwauliza habari za Uislamu na namna ya kuuzuia usienee. Mwaka mmoja haukupita ila Vita Kuu vikaanza. Dola ya Uthmaniya ikasimama upande wa Ujerumani, na mwezi wa Novemba 1914 kukatangazwa jihadi kutoka Istanbul. Serikali ile ile iliyokuwa ikitafuta njia ya kuuzuia Uislamu sasa ikaitangaza jihadi hiyo kwa askari Waislamu. Dini ambayo jana ilikuwa hatari, leo imekuwa tarumbeta ya kuitia watu vitani! Hapa pana funzo kubwa kwa kila mwenye macho: si kila anayelinyanyua jina la dini yako anaitaka dini yako.

Vita vilifika mpaka Kagera. Mto ule ulikuwa mpaka wa majeshi mawili, na mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaipiga Bukoba, wakavunja mtambo wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Hayo yalifanywa na jeshi la taifa jingine lililojisifu kwa gwaride lake.

Jenerali wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 pale Abercorn, ambayo sasa inaitwa Mbala, nchini Zambia. Mwezi wa Machi 1919 alipita na maafisa wake katika mlango mkubwa wa mji wa Berlin, watu wakimshangilia kama shujaa asiyeshindwa. Lakini askari Waafrika waliompigania miaka minne hawakuwamo katika gwaride lile. Wao waliwekwa kambini Tabora, na wengi wakafa kwa homa ya mafua iliyoenea dunia nzima mwaka ule.

Husimuliwa kisa kimoja cha mwaka 1964. Lettow alipokufa mwaka huo, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani haki zao zilizobaki, na karani wa benki akaletwa Mwanza. Wazee wakaja kwa mamia, lakini wachache tu ndio waliokuwa na karatasi. Karani akapata shauri: kila mzee asiye na cheti alipewa ufagio badala ya bunduki, akaamrishwa kwa Kijerumani. Na wazee wale, baada ya miaka karibu hamsini, wakanyoosha migongo yao na kutenda kila amri bila ya kukosea.

Wajerumani wengi walikisimulia kisa hiki kwa fahari, wakaona kuwa ni dalili ya mapenzi. Mimi nakisoma vingine. Naona kuwa mwili wa mwanadamu husahau polepole sana yale uliyofundishwa ukiwa kijana. Naona tena kuwa haki ya mfanyakazi, ambayo Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tumpe kabla jasho lake halijakauka, ilingoja mpaka jasho na ujana wote umekauka, kisha mzee akaambiwa aidai kwa kucheza na ufagio.

Na hao angalau walikumbukwa. Wako wapi wapagazi? Katika vita vile wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi yote mawili walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa, kuhara na uchovu. Mtaa wa Kariakoo mjini Dar es Salaam umeitwa hivyo kwa sababu ya jeshi la wapagazi wa Kiingereza waliokaa hapo. Sanamu ya askari iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji huo inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini juu ya jiwe amesimama mwenye bunduki peke yake. Mpagazi hakuwa na sare, hakuwa na hatua za kuhesabu, wala hakupigiwa tarumbeta. Gwaride huonyesha wanaotaka kuonekana. Wale ambao bila ya wao lisingekuwapo jeshi hawaonekani.

LILIVYORUDI PWANI

Sasa turudi mwambao. Vijana wetu, tangu miaka ya 1890, walipoona bendi za Wazungu walianzisha ngoma wakaiita beni. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na Tanga na miji mingine palikuwa na Marini na Arinoti. Walikuwa na sare, na vyeo, na majenerali, na madaktari, na hata Kaisari wao. Vita Kuu vikaichukua beni mpaka bara, na baada ya vita haukubaki mji mkubwa usio na chama chake.

Wazungu wengine walicheka, wakasema Mwafrika anaiga kama kasuku. Wengine wakaingiwa na hofu, wakadhani kuwa ni jeshi la siri. Wote wawili hawakufahamu. Vyama vile vilikuwa vikishindana, lakini pia vilikuwa vikizika maiti, vikiwatazama wagonjwa, na kumpokea mgeni asiye na jamaa mjini. Gwaride lililoletwa kuwatisha watu wakaligeuza likawa njia ya kusaidiana. Hilo ni jema, na tusiwanyime wazee wetu sifa yake.

Lakini haki haina budi isemwe yote. Mlikuwamo pia israfu, na mashindano ya kutukanana kwa nyimbo, na watu kuuza walivyo navyo ili chama chao kisishindwe kwa karamu. Wanavyuoni waliikemea mienendo ya namna hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika gazeti lake la Sahifa alilolianza mwaka 1930, aliwalaumu Waislamu kwa kuwaiga Wazungu katika mavazi na anasa na kuacha kuwaiga katika elimu na bidii ya kazi. Tangu hapo miaka imepita tisini na zaidi, na lawama hiyo haijazeeka.

WAJERUMANI WENYEWE

Labda utasema: hayo ni macho ya wageni, mwenye sherehe anajua maana ya sherehe yake. Tazama basi. Ujerumani ilipogawanywa baada ya vita vya pili, pande zote mbili zilirithi gwaride moja. Wa Magharibi waliibakisha sala, wakauacha ule mwendo wa kutupa mguu juu bila ya kukunja goti. Wa Mashariki waliubakisha mwendo wa mguu, wakaiondoa sala. Ndugu wa baba mmoja, kila mmoja akaona kuwa alichokiacha mwenzake ndicho kiini chake! Huko Chile, Amerika ya Kusini, iliyofundishwa na maafisa wa Kijerumani tangu mwaka 1885, wanafunzi wa chuo cha jeshi bado huvaa ile kofia ya zamani yenye ncha, na watu huishangilia kuwa ni fahari ya Chile.

Na mwezi wa Oktoba 2021, askari wa Kijerumani waliotoka Afghanistan walifanyiwa sherehe ile ya usiku mbele ya bunge lao mjini Berlin. Wengine waliona heshima kwa waliopoteza wenzao. Wengine walipoiona mienge na kofia za chuma mbele ya jumba lile walikumbuka enzi ya Hitler, wakaudhika. Vivyo hivyo sanamu ya Wissmann, iliyokuwa imesimama Dar es Salaam na askari Mwafrika akimtazama kutoka chini. Baada ya vita ilihamishiwa Hamburg kwa heshima, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko huko wakaiangusha.

Lakini iko sherehe moja ya Kijerumani katika nchi yetu ambayo wengi waliielewa kwa maana moja. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, mahali ambapo mwaka 1906 Wadachi waliwanyonga Nduna Songea Mbano na wenzake baada ya vita vya Maji Maji. Hakwenda na ngoma ya kutisha. Aliinamisha kichwa, akaomba msamaha. Haki zote bado hazijarudi, na mabaki ya wazee wetu wengi yangali katika makumbusho ya kwao. Lakini kichwa kilichoinama kilifahamika bila ya mfasiri.

FUNZO LETU

Ndugu yangu Muislamu, dini yetu haikukataza utaratibu, wala haikukataza jeshi kuwa na haiba. Katika sira imesimuliwa kuwa siku ya Uhud sahaba Abu Dujana alijifunga kitambaa chekundu, akatembea kwa maringo mbele ya adui, na Mtume (s.a.w.) akasema kuwa mwendo huo Mwenyezi Mungu anauchukia isipokuwa mahali kama pale. Basi umepewa mpaka wake: mbele ya adui, saa ya hatari. Haukuruhusiwa mbele ya jirani, wala mbele ya maskini. Na Luqman, katika wasia wake kwa mwanawe uliomo katika Qur'ani Tukufu, alimkanya asitembee juu ya ardhi kwa majivuno.

Kisha utazame mwaka wa nane wa Hijra. Mtume wetu anaingia Makka na jeshi kubwa, mji uliomfukuza na kuwaua watu wake. Mfalme yeyote siku hiyo angepiga gwaride la ushindi. Yeye aliingia ameinamisha kichwa kwa kumnyenyekea Mola wake, mpaka ndevu zake zikakaribia kugusa tandiko la mnyama wake, na akawasamehe watu wa mji. Huo ndio mwendo wa mshindi katika Uislamu.

Basi mwanao akivaa sare ya madrasa na kupita mjini siku ya maulidi, usimzuie, lakini muulize anajua nini. Ikiwa fedha za sare na tarumbeta zimezidi mshahara wa mwalimu wake na vitabu vyake, hapo tumefuata ngoma tukaacha elimu. Ikiwa amejifunza kupiga mguu chini lakini hajui kumpokea mzee mzigo, tumemfundisha gwaride la Zelewski. Na katika arusi zetu, tusiwatazame waliovaa vizuri tu mbele ya bendi. Tuwatazame na waliokaa jikoni tangu alfajiri, kwani hao ndio wapagazi wetu.

Tena tukumbuke kuwa sisi tuna safu yetu, iliyopangwa kabla ya Prusia na kabla ya Uthmaniya. Mara tano kila siku, Pangani na Kibingo, Berlin na Istanbul, watu husimama bega kwa bega wakaelekea upande mmoja. Hapo hapana efendi wala ombasha. Mpagazi akitangulia kufika huwa mbele, na jenerali akichelewa husimama nyuma yake. Hapana anayepigiwa tarumbeta, na wote paji za nyuso zao hugusa chini. Mtu aliyeifahamu safu hiyo hatishwi na gwaride la mtu, wala halioni lake kuwa ni kubwa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliodhulumiwa katika nchi hizi, waliojulikana na wasiojulikana, azinyooshe safu zetu na nyoyo zetu, na atukinge na kibri cha wenye nguvu na cha nafsi zetu. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.